Karai Linapoinamishwa

Sampo, yaani mawe ya kujaribia, ikishatwangwa kwenye kinu cha chuma hadi ikawa unga, ikachekechwa na kumiminwa kwenye karai lenye maji, haraka yote ya uchimbaji inaachwa nyuma. Duarani, ndani ya shimo la kuchimbia, watu wanapambana na giza, hewa nzito na matimba, zile nguzo za miti, yanayolia. Mwaloni, mahali pa kuoshea, kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono. Mwoshaji anachuchumaa kando ya dimbwi, analitikisa karai ili vizito vizame, analizungusha ili vyepesi vipande juu, kisha analiinamisha mbele kidogo na kuyaacha maji yaende na kurudi. Kila wimbi linabeba mchanga wa juu na kuumwaga nje ya ukingo. Mgeni anaona mtu anayemwaga matope. Kinachofanyika ni kutenganisha vitu kwa uzito, na tofauti za uzito huo ni kubwa: kwatsi, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, ni zito mara 2.65 kuliko maji. Mchanga mweusi wenye chuma ni mara 5 hivi. Dhahabu safi ni mara 19.3.

Baada ya muda kinabaki kiasi cha kijiko cha mchanga mweusi. Mwoshaji anaongeza maji safi kidogo, anauzungusha ule mchanga mara moja, polepole, hadi ufunguke kama upepeo, na ukingoni unajitokeza uzi mwembamba wa njano. Uzi huo unaweza kuwa dhahabu. Unaweza pia kuwa pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo yamewachezea wachimbaji wa dunia nzima tangu kale, au yale madini ya shaba yenye rangi ya manjano iliyoiva. Jicho linasema hili, mara linasema lile. Mwoshaji mzuri hasemi kitu. Anaendelea kuzungusha.

Nimekuja kuupenda ukimya huo kuliko chembe yenyewe. Ufundi wa mwoshaji naona uko ndani yake: kuweza kukaa na picha yenye majibu mawili bila kulikimbilia lile linalopendeza.

Bulyanhulu ni mahali pagumu pa kufanyia kazi hiyo. Iko Msalala, upande wa Kahama mkoani Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria, kwenye miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Wachimbaji wadogo walikuwa hapo kwa maelfu hadi walipoondolewa mwaka 1996, jambo ambalo mpaka leo linazungumzwa kwa uchungu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Mkanda wenye dhahabu ni mwembamba, umesimama karibu wima, na umejaa salfa. Shaba iliyomo ni nyingi kiasi kwamba mgodi huiuza pamoja na dhahabu na fedha. Maana yake ni kwamba mwamba wa hapa unang'aa njano sehemu nyingi, na sehemu kubwa ya mng'ao huo siyo dhahabu. Dhahabu yenyewe mara nyingi imejificha katika chembe ndogo mno, ndani ya pairaiti au kandokando yake. Kinachodanganya na kinachotafutwa vinalala kitanda kimoja.

Inapendeza kwamba mtu aliyewafungulia wanasayansi njia ya kuchunguza picha tata, zile zenye majibu mawili, naye alikuwa mtu wa mawe. Louis Albert Necker alikuwa Mswisi, mtaalamu wa madini na fuwele. Katika kutazama michoro ya fuwele aligundua kwamba mchoro uleule, bila kuguswa, ulikuwa ukigeuka mbele ya macho yake: upande uliokuwa mbele ukaenda nyuma, na wa nyuma ukaja mbele. Mwaka 1832 alimwandikia David Brewster, mwanafizikia wa Uskoti, kumweleza jambo hilo. Leo mchemraba unaobeba jina lake uko katika karibu kila kitabu cha saikolojia: mistari 12 tu kwenye karatasi, isiyo na kivuli, na anayeitazama haachi kugeuziwa. Mwaka 1915 Edgar Rubin wa Denmark aliongeza picha yake maarufu, ambayo ni chombo cha maua kwa anayeangalia eneo la katikati, na nyuso mbili zinazotazamana kwa anayeangalia pembeni.

Ugeukaji huo unatokea ndani ya kichwa. Wino haukusogea, na mwanga unaoingia jichoni ni uleule. Ubongo unapokea taarifa isiyotosha na kuijazia. Taarifa ikiruhusu majibu mawili yenye nguvu sawa, ubongo hauchagui moja na kutulia, wala hauyachanganyi kuwa jibu la tatu. Unashika moja, unaliacha, unashika jingine. Anayetazama hawezi kuuzuia kabisa, hata akijua vizuri kwamba anachezewa.

Mwaka 2008 Guido Hesselmann na wenzake walilichunguza jambo hili kwa namna inayonifanya niwafikirie watu wa mwaloni. Waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI na kuwaonyesha picha ya Rubin kwa muda mfupi sana, tena na tena, kila mara wakiwauliza wameona chombo au nyuso. Kisha wakarudi kuangalia hali ya ubongo kabla picha haijaonekana. Kuna sehemu upande wa chini wa ubongo inayoshughulika hasa na nyuso za watu. Shughuli ya sehemu hiyo ilipokuwa juu kidogo sekunde chache kabla, mhusika alielekea zaidi kusema ameona nyuso. Jibu lilikuwa limeanza kuinama upande mmoja kabla swali halijaulizwa.

Sasa mfikirie mtu mwenye deni la matimba, la mafuta ya pampu na la chakula cha vijana wake, ambaye duara lake limekwenda miezi bila kutoa kitu. Anapoinamisha karai, ubongo wake haujaja mtupu. Ninaamini, kwa kuwatazama watu na siyo kwa kipimo chochote, kwamba sehemu ngumu kuliko zote katika kuosha sampo ni kuizuia haja isitangulie jicho. Waoshaji wanaoheshimika hawana shangwe karai likiwa bado mkononi. Uso wao wakati wa njano ni uleule wa wakati wa mweusi mtupu. Mwenye duara akisimama juu ya bega na kuuliza kuna nini humo, anajibiwa kwa mzunguko mwingine wa karai.

Halafu watu hawaoni sawa. Mwaka 2010 Ryota Kanai, Bahador Bahrami na Geraint Rees wa University College London waliwaonyesha watu 52 umbo la nukta zinazokwenda, ambalo linaweza kuonekana likizunguka kulia au kushoto. Wengine liliwageuzia haraka haraka, wengine liliwakalia muda mrefu kabla ya kubadilika. Walipopima bongo zao walikuta kwamba tofauti hiyo inaendana na umbile la eneo la juu nyuma ya utosi, pande zote mbili: gamba la ubongo lilipokuwa nene zaidi hapo, picha iligeuka upesi zaidi. Wakajaribu pia kulivuruga eneo hilo kwa muda mfupi kwa mipigo ya sumaku, na ugeukaji ukapungua kasi. Mwaka huohuo watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya mapacha waliopewa picha mbili tofauti, moja kila jicho, na wakakadiria kwamba takriban nusu ya tofauti za kasi ya kugeukiwa inatokana na urithi wa damu.

Kwa hiyo wawili waliotoka duara moja, waliotwanga jiwe moja, wakichungulia karai moja, wanaweza kuwa na mapigo mawili tofauti ya kuona, na hakuna mmoja kati yao aliye mzembe. Hili linaieleza vizuri desturi ya kupokezana karai. Kijana akifika mwisho wa uoshaji na shaka ikabaki, anasogea kwa aliyemzidi: shikamoo mzee, hebu nitazamie hii. Mzee analipokea karai na halitazami kwanza. Anauvuruga ule mchanga wote upya, anaufuta uzi uliokuwa umejipanga, anaanza mizunguko yake mwenyewe. Wakati fulani niliona hilo kama dharau kwa kazi ya kijana. Sasa nadhani ni adabu ya juu kabisa ya kutazama, kwa sababu mzee anakataa kurithi picha iliyokwisha kupangwa na mtu mwingine.

Na hapa ndipo karai linapoupita mchemraba wa Necker. Mchemraba ule hauishi kugeuka kwa kuwa karatasi haina kingine cha kutoa. Uitazame mwaka mzima, mistari ni ileile 12. Karai linaweza kuulizwa zaidi. Mwoshaji anajisogeza ili kivuli chake kifunike maji, na papo hapo kuna kinachozimika. Pairaiti ina nyuso bapa, inang'aa pale tu uso mmoja unapolipata jua, na ukiigeuza kidogo inakuwa nyeusi. Dhahabu ni njano juani, njano kivulini, njano upande wowote. Kisha anatuma wimbi dogo na kuangalia nani anatangulia. Pairaiti inaondoka na maji. Dhahabu inabaki nyuma, nzito, ikijikokota. Chembe ikiwa kubwa ya kutosha, anaigusa kwa ncha ya sindano: dhahabu inabonyea na kubaki na alama, pairaiti inavunjika na kuwa vumbi jeusi. Vigae vya ulanga, vinavyomdanganya mgeni kuliko vyote, vinaelea na kuyumba majini kwa wepesi ambao dhahabu haina.

Jicho linalobishana na lenyewe limepewa mkono. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizi inayodai macho makali. Ninawasikia watu wakisema fulani ana jicho, kana kwamba alizaliwa nalo, na huenda sehemu fulani ni kweli, kama mapacha wale wanavyoonyesha. Lakini nikimtazama huyo fulani akifanya kazi, ninachokiona ni mtu anayejua namna ya kuisumbua picha hadi ibaki na jibu moja.

Chini kabisa, mamia ya mita chini ya mialo ya aina hii, kuna ndugu wa fundi huyo aliyevaa kofia ngumu na taa kichwani. Ni mjiolojia wa zamu. Baada ya baruti kulipuliwa na moshi kuondoka, anafika kwenye uso wa mwamba uliokatwa upya na kuuosha kwa mpira wa maji, maana vumbi linafanya kila jiwe lifanane. Chini ya taa anafuata mpaka kati ya mwamba mweusi, kwatsi na michirizi ya salfa, anachora anachokiona kwenye ubao wake, na anapiga rangi ya kupulizia kuonyesha mkanda unapita wapi. Mstari huo ndio watakaoufuata wenye mashine za kutoboa. Ukikosewa kwa mita moja kwenye mkanda ambao wenyewe ni mwembamba, watu watavuna jiwe lisilo na kitu na kuacha lenye kitu ukutani. Yeye naye ana picha tata mbele yake, na namna yake ya kuisumbua ni kuchukua vipande kwa nyundo, kuvitia kwenye mifuko yenye namba na kuvipeleka maabara.

Kazi ya namna hii ilishapimwa, ijapokuwa siyo hapa kwetu. Mwaka 2007 Clare Bond na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake wataalamu wa miamba 412 walipewa picha moja ya mawimbi ya mtetemo, iliyotengenezwa kutokana na umbo la miamba ambalo watafiti wenyewe walilijua. Kila mmoja alitakiwa achore anachokiona. Waliopata aina sahihi ya msukosuko wa miamba ulioleta umbo lile walikuwa asilimia 21 tu. Kile walichozoea kukutana nacho katika kazi zao kilichangia walichokiona. Utafiti uliofuata wa mwaka 2012 ulionyesha tabia iliyowasaidia zaidi waliofanikiwa: waliirudisha picha nyuma kimawazo, wakajiuliza mwamba huu ulipitia nini hadi ukafika hapa, na kama historia hiyo inawezekana. Nilipousoma nilimwona yule mzee akiuvuruga mchanga ili ajipange upya.

Ubongo wenyewe hubadilika kwa kufundishwa, na hubadilika upesi. Mwaka 1997 Ray Dolan na wenzake wa London waliwaonyesha watu picha za mabaka meusi na meupe ambazo ni vigumu kuzitambua. Kisha wakawaonyesha picha kamili za vitu vilevile, na baada ya dakika chache wakarudi kwenye mabaka. Safari hii watu waliona sura na vitu waziwazi, na sehemu za ubongo zinazotambua vitu na nyuso zilikuwa zimeamka kwa picha ileile iliyokuwa bubu mwanzoni. Mwaloni mafunzo yanakwenda hivyohivyo, bila mashine. Mtoto wa kazi hapewi maelezo. Anatwanga kwa miezi, anachota maji, na kila sampo nzuri ikitokea anaitwa: njoo uone. Anaonyeshwa dhahabu ya kweli ikiwa imetulia kwenye mchanga wake, kisha anaonyeshwa pairaiti kwenye mchanga mwingine. Siku fulani, bila kuambiwa, uzi unaanza kujitenga wenyewe machoni pake. Kuanzia hapo hawezi tena kuuona mchanga kama alivyouona alipofika, na akiulizwa amejuaje, hana la kusema zaidi ya kuinamisha karai tena.

Mipaka ya jicho hili pia ni ya kuheshimiwa. Mwaka 2017 nchi nzima ilijikuta ikijadili makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, mzigo uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makinikia ni unga wa kijivu wenye madini, na hakuna mwoshaji duniani anayeweza kuuchungulia na kusema una dhahabu kiasi gani. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa takwimu zake, kampuni ya migodi hiyo ikashikilia zake, na tofauti kati yao ilikuwa kubwa mno. Huko ugomvi ulikuwa wa vipimo, siyo wa macho. Magwangala ya Geita ni habari nyingine: mawe ambayo mgodi umeyahesabu kuwa mabaki, wenyeji wanayaona kuwa mali, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu gramu chache zisizolipa gharama ya mtambo mkubwa zinaweza kumlipa mama mwenye nyundo na karai.

Lipo jambo moja linaloutishia ufundi huu kutoka ndani, nalo ni zebaki. Ukishafika kwenye mchanga mweusi wenye uzi wa njano, njia ya mkato ni kumwaga zebaki, kuifinyanga kwa vidole hadi inywe dhahabu, kuikamua kwenye kitambaa na kuchoma donge linalobaki. Mvuke wake unaingia mapafuni na kuishia kwenye ubongo. Uchunguzi wa afya uliofanyika mwaka 2003 huko Rwamagasa, mkoani Geita, uliwakuta takriban robo ya wachomaji wakiwa na sumu ya zebaki iliyokaa mwilini muda mrefu. Dalili zake ni mikono kutetemeka, mwendo kuyumba, na kumbukumbu kupotea. Kifundo kinachoweza kulituma lile wimbi dogo bila kuiamsha dhahabu ndicho kinachoanza kutikisika. Ubongo uliotumia miaka kujifunza kuutenga uzi unaharibiwa na hatua ya mwisho ya kazi yenyewe.

Kuna njia nyingine, na inadai ufundi zaidi. Wachimbaji wadogo wa Benguet nchini Ufilipino wanayeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki kabisa, na kuelekea mwaka 2010 njia hiyo ilionyeshwa kwa wachimbaji wa Chunya, mkoani Mbeya. Boraksi inachanganywa na mchanga uliooshwa na kutiwa moto. Uchafu unayeyuka upesi na kuelea, dhahabu inakusanyika chini. Sharti lake ni kwamba mchanga uwe umeoshwa mno. Mtumiaji wa zebaki anaweza kusimama kijiko kimoja cha mchanga mweusi kikiwa bado karaini. Wa boraksi anatakiwa aendelee kuzungusha hadi mweusi uwe karibu umekwisha, aishikilie dhahabu laini isiondoke na maji, na aseme bila kubahatisha ipi ni pairaiti na ipi siyo, kwa kuwa salfa nyingi ikiingia kwenye moto inaharibu uyeyushaji. Mizunguko hiyo ya ziada ni michache, na ni ya polepole kuliko yote iliyotangulia.